Nondo ya Pili

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Mzee Robo ni kwamba haachii kitu. Siku niliyokuja, mwanafunzi wa chuo, kupanga chumba cha nyuma nyumbani kwake alininyooshea ufunguo, nami nikaushika, lakini yeye hakuuachia. Tukabaki pale mlangoni kama watoto wawili wanaogombea pipi, mimi nikivuta kidogo kwa adabu, yeye akinitazama bila kupepesa. Mkewe ndiye aliyeniokoa, kutoka jikoni.

"Mwambie nimeshika," alisema, "la sivyo mtakula Krismasi hapo."

Nikasema nimeshika. Ufunguo ukaachiwa.

Mwanzoni nilidhani ni uchoyo, kisha nikadhani ni uzee. Kikombe cha chai, gazeti, hata kiberiti, hakiachii mpaka usikike ukisema. Na kila alichotoa alikitoa kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi, kwa sababu wa kulia ulikaa mfukoni kutwa nzima. Nilikuwa na wiki tatu pale ndipo nilipouona alipokuwa ananawa bombani. Ulikuwa na dole gumba na kidole cha shahada. Vile vitatu vingine havikuwepo.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa milango ya gereji za nyumbani, ile mizito inayopanda juu na kulala chini ya dari. Watu hudhani mlango wa namna hiyo huinuliwa kwa mkono. Mkono hauinui kitu. Kinachoinua ni springi mbili nene zilizovishwa kwenye shafti juu ya mlango, zikakazwa mpaka nguvu yake ikalingana na uzito wa mbao na chuma. Kuzikaza ndiyo kazi yenyewe. Kichwa cha springi kina matundu manne. Fundi huingiza nondo katika tundu moja, huizungusha robo ya duara, huishikilia hapo kwa nguvu zake zote, na mwenzake huingiza nondo ya pili katika tundu linalofuata. Mwenzake akishaubeba uzito, husema "Nimeshika." Hapo tu ndipo wa kwanza huachia. Wanakwenda hivyo, robo baada ya robo, thelathini na mbili kwa kila springi. Wateja walimwita Robo kwa sababu hata umbali wa dukani aliupima kwa robo.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Nondo zao mbili walizichonga wenyewe siku waliyofungua karakana, zikaingia katika matundu bila kucheza hata unywele. Nondo nyembamba, aliniambia Mzee Robo, ni sawa na mlevi: itasimama, itasimama, kisha itakuangukia.

Ajali ilitokea hapa hapa nyumbani, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye mlango wake mwenyewe. Walikuwa wamekwisha kubadilisha springi ya kushoto, wakaanza kuilegeza ya upande wa pili ili waitoe. Kwa maelezo ya Mzee Robo, alisikia "Nimeshika", akaachia, kumbe nondo ya pili ilikuwa bado hewani. Nondo yake ikazunguka kama panga na kuondoka na vidole vitatu.

Lakini shemeji alisimulia vingine. Aliwaambia watu hospitalini, kisha karakana, kisha mtaa mzima, kwamba mzee alikuwa na haraka siku ile, akaachia kabla ya kuambiwa. Hilo ndilo lililommaliza. Vidole angeweza kuvizika na kuendelea kuishi, lakini nani atampa kazi fundi aliyeivunja kanuni aliyoihubiri kwa robo karne? Wateja wakabaki na shemeji. Siku ya pili baada ya ajali shemeji alikuja na mtu mwingine, wakaikaza tena ile springi kuukuu ili mlango ufungike, akaondoka na nondo yake. Hakukanyaga tena.

Springi mpya, ile iliyokuwa ifungwe siku ile, Mzee Robo aliipaka grisi, akaizungushia gunia na kuitundika msumarini katika gereji. Miaka kumi na moja ilining'inia hapo. Mkewe alimsihi aite fundi mwingine yeyote aifunge. Jibu lake lilikuwa moja: aliyeanza kazi ndiye ataimaliza. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini kwamba springi mbili huzeeka pamoja na hubadilishwa pamoja. Aliwafundisha watu hivyo. Kwake akaziacha mpya na kuukuu zivute mlango mmoja, kama punda na ng'ombe katika nira, na kila mwezi akapanda ngazi kuitia mafuta ile iliyochoka, kana kwamba mafuta yanaweza kufanya kazi ya samahani.

Sasa niieleze nyumba, maana bila nyumba habari hii haieleweki. Imejengwa kwenye mwinuko. Kwa mbele, kutoka barabarani, unapanda vidato kumi na vinne vyembamba vyenye kona katikati. Kwa nyuma barabara imepanda na iko sawa na sakafu, na huko ndiko iliko gereji, na kutoka gereji kuna mlango unaoingia moja kwa moja ukumbini. Gari waliliuza zamani. Lakini Mama, kama tulivyomwita mkewe sote, alikuwa na mazoea ya kupita gereji akitoka sokoni, kwa sababu magoti yake hayakupatana na ngazi. Miaka miwili hivi iliyopita mlango ulianza kumshinda. Springi ya zamani ilikuwa imekufa nusu, na mlango ukawa mzito. Akaacha kulalamika, akaanza kupita mbele. Mwezi uliopita alianguka kwenye kidato cha tisa akiwa na mfuko wa viazi, akavunjika nyonga.

Mzee Robo hakuwahi kuniambia kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Hakuwa na haja. Tangu siku ile hakukanyaga kidato cha tisa. Alikiruka, mzee wa miaka sitini na nane, akishikilia ukuta.

Mama alipangiwa kuruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mzee Robo aliandaa njia. Alimwaga saruji kizingitini pa gereji, akatengeneza mteremko laini, akaupima kwa kusukuma kiti kitupu huku na huku mpaka majirani wakamuuliza abiria wake ni nani. Jumanne asubuhi aliufungua mlango ili akapige rangi, akaufunga, na tukasikia mlipuko. Mimi nilidhani ni mtungi wa gesi. Nilipofika gereji nilimkuta amesimama katikati ya sakafu akitazama juu. Springi kuukuu ilikuwa imekatika vipande viwili, na pengo baina yake lilikuwa la upana wa mkono mmoja.

"Imesubiri," alisema. "Imesubiri mpaka wiki hii."

Jumatano vijana wa jirani wanne walijaribu kuuinua mlango kwa mabega. Mzee aliwakataza, hawakumsikia, wakaupandisha mpaka magotini. Kwa kuwa upande mmoja ulivutwa na springi nzima na mwingine haukuvutwa na kitu, mlango ukapinda, waya unaouinua ukaruka kutoka kwenye kapi, na wote ukakwama kombo katika reli zake. Ikawa haupandi wala haushuki. Fundi wa mjini aliitwa. Akachungulia vichwa vya springi, akasema ni vya zamani mno, nondo zake haziingii, aagize za saizi hiyo, aje baada ya wiki. Alipomuona mzee akiitoa springi mpya kwenye gunia, aliguna kwa mshangao. Kifaa kipo, alisema, kilichokosekana ni nondo ya pili.

Alasiri hiyo tulikwenda hospitali. Mzee Robo alikuwa akienda alasiri tu, kwa sababu shemeji alikwenda asubuhi. Muuguzi mmoja alikwisha kumuuliza Mama kama ana waume wawili wenye wivu. Mzee alimweleza mkewe habari ya mlango, akapendekeza kwamba Ijumaa tumpandishe kwa ngazi za mbele, watu wanne, taratibu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda, lakini ulimi haukuguswa na ugonjwa.

"Siingii nyumbani kwangu kama gunia la viazi," alisema. "Gunia lenyewe nililibeba mimi, na unajua lilikonifikisha."

Mzee akaanza kumnyooshea shuka.

"Mdogo wangu ameniandalia chumba kwake. Kwake hakuna ngazi. Mlango ukifunguka Ijumaa, nitakuja kwangu. Usipofunguka, nitakwenda kwake, na sitarudi kesho yake wala mwezi ujao. Nyinyi wawili mna mikono mitatu mizima, mzee. Mitatu. Na mlango mmoja unawashinda miaka kumi na moja."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, kisha wakaona hakuna mwingine anayecheka.

Alhamisi asubuhi nilimkuta juu ya ngazi gereji, peke yake, nondo yake mkononi na kipande cha bomba jembamba kimebanwa kwapani. Alitaka kutumia bomba badala ya nondo ya pili. Nilimwambia nitashika mimi. Aliniangalia kwa upole ambao sikuupenda.

"Msomi, neno hilo utalisema vizuri sana," alisema. "Lakini hujui uzito wake. Nami siwezi kuliamini kwa mtu asiyejua uzito wake. Hata kwa anayeujua limenishinda."

Akashuka. Akavaa shati la mikono mirefu, akaenda karakana.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe aliporudi. Kibao cha zamani bado kipo juu ya lango, alisema, ila jina lake limepakwa rangi, nalo linaonekana bado jua likilipiga kwa pembeni. Shemeji alikuwa akisaga chuma, akazima mashine, hakumkaribisha kiti. Mzee Robo alimwambia kwamba hakuja kuomba msamaha wala kuutoa, alikuja kuazima nondo. Shemeji akamuuliza atafanya nini na nondo bila mtu. Mzee akasema hilo ni lake. Shemeji akasema chumba cha dada kimekwisha kupakwa rangi, kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili asiiname, na kwamba dada yake ameishi na mkaidi mmoja vya kutosha.

"Nikamwambia, unataka dada yako, au unataka nishindwe?" alisema Mzee Robo. "Akawasha mashine."

Alikaa kwenye kidato cha juu kabisa, mgongo kwa mlango. Nilimuuliza kama anadhani shemeji atakuja. Akasema haji. Akasema pia kwamba yeye angekuwa shemeji asingekuja, na kwamba kuna hasira ambazo mtu akizilea miaka kumi na moja huwa kama mwanawe, hawezi kuzifukuza nyumbani hata zikimpiga.

Ijumaa saa mbili asubuhi ukumbini palibishwa hodi. Shemeji alikuwa amepanda ngazi za mbele. Ni mtu mpana, mwenye mvi kidevuni tu, na alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa katika gazeti. Hakumsalimia mwenye nyumba. Alinisalimia mimi, akauliza gereji ni wapi, kana kwamba hajui. Mzee Robo alitoka chumbani, akamwona, akamtazama hadi miguuni.

"Umekuja na viatu vya kazi," alisema.

"Nilitaka kwenda kanisani navyo?" alijibu shemeji.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi yao.

Walifanya kazi kimya. Mimi niliamriwa nisimame kwenye mlango wa ukumbi na nisivuke. Waliugonga mlango kwa nyundo na gogo mpaka ukakaa sawa katika reli, wakaushusha, wakarudisha waya kwenye kapi. Ilikuwa ajabu kuwatazama. Hakuna aliyemwambia mwenzake fanya hivi. Mmoja alinyoosha mkono na mwingine alikuwa amekwisha kuweka spana ndani yake. Lakini spana nazo hazikuachiwa. Kila mara Mzee Robo alishikilia, akingoja, na kila mara shemeji alizipokonya bila kusema neno.

Springi ya kushoto, iliyokuwa bado imekazwa, ilibidi ilegezwe kwanza ili shafti isogee. Walipanda ngazi mbili, bega kwa bega. Mzee aliingiza nondo yake, akailalia kwa mkono wa kushoto na kifua, akabeba uzito. Jasho lilimtoka hapo hapo. Shemeji akaingiza nondo yake katika tundu la pili.

"Haya," alisema.

Mzee hakuachia.

"Nimeingiza. Huoni?"

"Naona. Sitaki kuona. Nataka kusikia."

Shemeji alitazama ukuta. Nondo ya mzee ilianza kutetemeka.

"Nimeshika," alisema.

Mzee bado hakuachia. "Na siku ile?"

"Shemeji, achia. Utaumia."

"Nimeumia zamani. Na siku ile?"

Nilitaka kupiga kelele, lakini nilihofia kwamba sauti yoyote ingewashtua. Wanaume wawili walikuwa wamebeba nguvu ya mlango mzima baina yao, pua zao zikiwa mbali kwa shibiri moja, na hakuna aliyeweza kushuka bila mwingine. Shemeji ndiye aliyefumba macho kwanza.

"Nilisema kabla," alisema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kushika. Tulikuwa tumesema mara mia siku ile. Mdomo ukatangulia mkono."

"Ukawaambia watu ni mimi."

"Nilikuwa na watoto watatu na karakana moja. Wewe ulikwisha kuumia. Nikasema tusiumie wote."

Mzee Robo alitoa pumzi ndefu, na kwa muda nilidhani anacheka.

"Utamwambia dada yako," alisema. "Leo. Kwa mdomo huo huo."

"Nitamwambia. Na wewe utamwambia kwa nini alikuwa anapanda ngazi."

Ilikuwa zamu ya mzee kutazama ukuta. Alikubali kwa kichwa, lakini shemeji alimwambia kwamba kichwa si neno, naye anataka kusikia.

"Nitamwambia," alisema Mzee Robo. Kisha akaachia.

Kuanzia hapo nilisikia neno lile kila robo. Kulegeza ya kushoto, kutoa vipande vya ile iliyokatika, kuvisha mpya iliyotoka kwenye gunia ikinuka grisi ya miaka kumi na moja, kisha kuzikaza zote mbili. Nimeshika. Nimeshika. Hawakulitamka kama watu waliopatana. Walilitamka kama watu wanaolipana, kila mmoja akihakikisha mwenzake hampunji hata moja. Mzee alipumzika mara nne. Shemeji hakumpa pole, alishika tu, akangoja. Ilipofika robo ya mwisho ya springi ya pili walifunga skrubu na kushuka, na shemeji akaanza kukusanya vifaa vyake.

Wana namna yao ya kupima kazi. Mlango uliokazwa sawasawa huinuliwa kwa vidole viwili. Ukihitaji zaidi, kazi irudiwe. Shemeji alisogea kuupima, kama alivyozoea karakana. Mzee Robo alimtangulia. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akaweka dole gumba na kidole cha shahada chini ya kipini, akainua. Mlango ukapanda wote, bila sauti, na jua la barabara ya nyuma likaingia mpaka ukumbini.

Shemeji aliutazama ule mkono. Kwa kadiri nijuavyo, ilikuwa mara ya kwanza kuuona tangu bendeji zilipotolewa.

Saa sita na dakika kumi hospitali walipiga simu: gari la wagonjwa limetoka. Muuguzi, ambaye nilikuwa nimempigia simu kumpa habari, alisema Mama aliuliza mara mbili kabla ya kuondoka waelekee wapi, akaambiwa mlango uko wazi, akasema ataamini akiuona. Nilifagia mteremko wa saruji. Mzee Robo alipindua ndoo ya rangi upande mmoja wa kizingiti na kukaa. Nilitegemea shemeji aondoke. Alikwisha kuifunga nondo yake katika lile gazeti. Badala yake alivuta kreti tupu, akakaa upande wa pili, nondo mapajani.

Baina yao palikuwa na upana wa kiti cha magurudumu na ziada kidogo.

"Nani ataanza?" shemeji aliuliza hatimaye.

"Siku ile nani alisema kwanza?"

Shemeji alikiri kwamba atakayeanza ni yeye, lakini akasema dada akilia, yeye hatasimama hapo, ataondoka. Mzee Robo akamwambia kwamba hataondoka. Alisema bila ukali, kama anayemkumbusha mtu saa.

Gari lilisikika kwenye kona. Wote wawili wakainuka. Lilikuwa lori la muuza gesi, likapita, mitungi ikigongana. Wakakaa tena. Mzee Robo aliiangalia saa yake, akasema kutoka hospitali ni robo saa, na robo saa imekwisha kupita. Shemeji akasema wamebeba mtu mwenye nyonga, hawawezi kukimbia. Mzee akasema anajua. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, nje, juani, na hakuurudisha mfukoni.

Kisha likasikika gari jingine, linakuja polepole sana, kama dereva aliyeambiwa asimtikise aliyemo. Shemeji alisimama kabla ya mzee. Akamnyooshea nondo iliyofungwa gazetini, akimtaka amshikie ili mikono yake iwe mitupu dada yake akifika. Mzee Robo aliipokea upande mmoja. Shemeji hakuachia.

"Nimeshika," alisema Mzee Robo, macho yake yakiwa kwenye kona.